Mgongo wa Mama Mkwe

Kisiwa cha Kalasa si kisiwa cha kujivunia, ukiwauliza waliokijua kabla hakijapata bahati. Ni mchanga tu, mrefu na mwembamba, umelala mbele ya mwambao wa Ziwa Tanganyika kama mlevi aliyejinyoosha mlangoni. Mawimbi yote yanakipiga chenyewe, na nyuma yake maji yametulia tuli. Watu wa mwambaoni walikuwa wakianika dagaa pale, jioni wanarudi makwao. Kisha likaja soko huria, na soko huria likaja na mwekezaji, na mwekezaji akasimama juu ya mchanga ule, akavuta pumzi, akasema hii ni pepo. Wenyeji walishangaa sana. Kumbe walikuwa peponi miaka yote ile, wananuka dagaa, na hakuna aliyewaambia. Hata hawakupata nafasi ya kuifurahia habari hiyo, kwa sababu iliwafikia pamoja na amri ya kuhama.

Huko juu Ufipa, kwenye baridi, katika kijiji kimoja kisicho mbali na Matai, Kristiana alikuwa anakipenda kisiwa hicho bila kukiona. Mchumba wake, Raymond, alikuwa ameajiriwa huko kuhudumia meza. Alipoondoka alisema anakwenda msimu mmoja tu kutafuta kianzio. Misimu ikapita, mahindi yakavunwa, yakapandwa mengine, na kianzio bado kilikuwa kinaanza. Jembe la uchumba alilolileta lilikuwa limening'inia ukutani juu ya mlango wa nyumba ya kina Kristiana, halijalima hata tuta moja, maana jembe la namna ile halilimi mpaka harusi ipite.

Kristiana hakuwa mtu wa kulalamika. Alisoma mpaka darasa la saba, shule ilipomwambia basi, naye akasema haya. Alikuwa anaangalia tu. Wasichana wenzake waliposema Raymond ameshasahau, hakubisha wala hakukubali. Alitaka kitu kimoja: amsikie Raymond, kwa kinywa chake, mbele za watu, akisema huyu ni mchumba wangu. Akilisema, angemngoja hata misimu mingine. Asipolisema, basi.

Ndipo dereva wa lori la magunia akaleta salamu kutoka Kalasa. Jumamosi hoteli itawakaribisha wenyeji chakula cha mchana, na Raymond ameandikisha watu watatu: Kristiana, shangazi yake Epifania, na Mama Kristiana mwenyewe.

"Mimi siendi," alisema Mama Kristiana. "Tangu lini mama mkwe akaenda kula alipo mkwewe?"

Kwao mambo yalikuwa hivi. Mama na mchumba wa binti yake hawatazamani usoni, na mmoja hali mbele ya macho ya mwenzake, mpaka harusi ipite na mkwe alete kuku wa kufungulia. Siyo chuki. Ni heshima, tena kubwa. Raymond mwenyewe alikuwa hodari wa heshima hiyo. Masika moja alikutana na Mama Kristiana kwenye njia nyembamba ya shambani, huku matuta, huku matuta. Kijana alijitupa pembeni katikati ya maharage, akachuchumaa kwenye tope, kichwa chini, suruali yake mpya ya mtumba ikazama mpaka magotini, mama akapita zake. Mama Kristiana aliisimulia habari ya suruali ile kisimani, kanisani na mnadani. Wenzake walikuwa na wakwe wenye baiskeli. Yeye alikuwa na mkwe aliyezama.

"Huendi kula kwa Raymond," shangazi Epifania alimwambia. "Unakwenda kula kwa mwekezaji. Mwekezaji si mkwe wako, wifi, labda kama Kristiana ana siri zake."

"Na huyo Raymond akinitokea?"

"Utampa mgongo, kama siku zote. Hoteli ni kubwa, haitakosa upande wa kugeukia."

Basi wakaenda. Lori liliwachukua alfajiri na masweta yao, likateremka milima kuelekea Kasanga, na kila kona waliyokata walivua kitu. Walipofika ziwani masweta yalikuwa yamefungwa viunoni na shangazi alikuwa anatafuta la kuvua zaidi, heshima ikamzuia. Boti ya hoteli ikawachukua. Walivalishwa majaketi ya kuelea ya rangi ya chungwa, wakavuka maji ambayo watoto wa pale walikuwa wanayavuka kwa miguu.

Waliambiwa Kalasa sasa ni mji. Kibao kilisema hivyo, mji wa mapumziko. Kristiana aliuangalia huo mji kwa makini. Ulikuwa na mitaa, na kila mtaa una jina kwenye kigingi. Nyumba zilikuwa za makuti, kubwa, zimejengwa kwa gharama ili zifanane na za watu maskini. Soko hakuna. Kanisa hakuna, mashine ya kusaga hakuna, wala mtoto anayelia. Katikati ya mji palikuwa na uwanja wa majani mabichi, na mwanaume mzima amesimama anayamwagilia maji kwa mpira, ziwa lote likiwa nyuma yake.

"Wanafuga nini?" Mama Kristiana aliuliza.

"Hawafugi," alijibu msichana aliyewapokea. "Yakikua tunayakata."

"Mnayafukia kwenye matuta?"

"Tunayatupa, mama."

Mama Kristiana aliyatazama tena majani yale. Alikuwa amefukia majani kwenye matuta tangu akiwa mtoto, ili ardhi ile ya Ufipa ikubali kuzaa, na alijua kila jani lina kazi.

"Masalu asiletwe hapa," alisema shangazi. Masalu alikuwa jirani yao Msukuma, mwenye ng'ombe wasiohesabika na malisho ya ugomvi. "Atalia mbele za watu."

Meneja akaja. Alikuwa mzungu mrefu mwekundu, mwenye kaptula ya mtoto wa shule, na Kiswahili chake alikuwa amekichukua bila masharti. "Karibu sana mama yote," alisema. "Leo wageni na wenyeji, meza moja. Picha nzuri. Cheka, cheka tu." Nyuma yake alikuwa mama mmoja wa kizungu na kamera mbili shingoni. Msichana wa mapokezi akawaelewesha kwamba picha hizo zitakwenda kwenye gazeti la watalii huko kwao, zioneshe jinsi hoteli na wenyeji wanavyopendana. Ndipo Kristiana akaelewa sababu ya mwaliko. Upendo ulikuwa umepangiwa saa saba mchana, na pilau lake lilikuwa jikoni.

Na Raymond naye akatokea. Nguo nyeupe, glovu nyeupe, na kifuani kibati kilichoandikwa RAY. Nusu ya jina ilikuwa imebaki mahali, pengine kwenye tope la maharage. Kabla hajafika, Mama Kristiana alishageuka kutazama minazi, khanga kichwani. Raymond akasimama mbali kidogo, akainamisha kichwa kidogo sana, kama mtu anayekagua viatu vyake.

"Karibuni Kalasa, wageni wetu," alisema. Kisha kwa Kristiana, chini chini: "Mambo?"

Mtu ambaye jembe lake liko juu ya mlango wa kwao.

"Poa," alijibu shangazi Epifania badala yake. "Si tumekuwa washikaji siku hizi. Hatuambiwi hata shikamoo."

"Shikamoo shangazi. Samahani. Hapa tuko kazini."

"Marahaba. Sisi tuko matembezini."

"Baadaye tutaongea," Raymond alimwambia Kristiana, na akapotea kuelekea jikoni. Kristiana aliliweka neno hilo, baadaye, mahali pake. Alikuwa na mengi ya namna hiyo.

Waliketishwa kwenye meza ndefu chini ya kivuli cha turubai, wazungu huku, wenyeji huku, wote wakitazama upande wa mawimbi. Wenyeji wengine walikuwa wavuvi wa mwambaoni na wake zao, waliovalishwa khanga mpya za hoteli ili waonekane kama wenyeji. Raymond na mwenzake Christopha, kijana wa Namanyere, ndio walikuwa wahudumu. Christopha alianza na upande wa kina Kristiana, na kila kitu kilikuwa salama. Alileta maji, Mama Kristiana akanywa. Alileta mkate, Mama Kristiana akala. Lakini meneja akaona upande ule ndio unaopigwa picha, na Ray ndiye mwenye tabasamu zuri kuliko wote. Akawabadilisha.

Raymond akaja na samaki, kuhe mzima aliyechomwa, amewekewa majani kichwani kama bibi harusi.

Mama Kristiana aliona glovu nyeupe ikikaribia. Akaweka chini mkate, akavuta khanga ikamfunika uso mpaka kidevuni, akasimama, akakigeuza kiti chake, akakaa tena. Mawimbi, meza, samaki, mkwe na kamera, vyote akavipa mgongo.

Ulikuwa mgongo mpana, ulionyooka, wa mwanamke aliyebeba magunia. Yeyote wa kutoka kijijini kwao angeuona angesema, tazama jinsi mama yule anavyompenda mkwewe. Wazungu waliona kitu kingine.

Wa kwanza kusaidia alikuwa babu mmoja mwenye masikio yaliyobabuka. Alidhani ni jua. Akaja na kofia yake, akaiweka taratibu juu ya khanga. Mama Kristiana hakutikisika. Wakasogeza turubai. Kisha meneja akaamua ni samaki.

"Mama hapendi samaki?"

"Anapenda," alisema shangazi Epifania.

Samaki akaondolewa. Raymond akaletwa na kuku. Mgongo ukabaki vile vile. Kuku akaondolewa, Raymond akaletwa na mchuzi wa maboga. Kisha tambi. Kisha keki yenye matunda juu, ambayo wazungu wenyewe walikuwa hawajaletewa, na mmoja wao akaitazama kwa uchungu. Kila chakula kilivyozidi kuwa kizuri, ndivyo mkono uliokileta ulivyokuwa ule ule, na mgongo ukawa haugeuki. Mke wa mvuvi mmoja, aliyeyaona yote hayo, alimwambia mumewe kuwa kumbe siri ya kula vizuri hapa ni kununa, na yeye akajaribu kununa kidogo. Hakuletewa kitu.

Mama wa kamera alikuwa ameshusha kamera zake. Picha ya upendo wenye mgongo katikati haikumfaa.

Meneja alimvuta Raymond pembeni, karibu na mlango wa jikoni, hatua chache tu kutoka pale alipokaa Kristiana. Aliongea kwa kunong'ona, lakini kunong'ona kwa watu wakubwa kunasikika mbali. "Ray, wewe umefanya nini huyu mama? Kama umekosea, jioni boti, kwaheri kazi."

"Sijafanya kitu, bosi."

Meneja akaenda kumtuliza yule wa keki. Christopha akapita na jagi. Alikuwa ameshaelewa. Kwao Namanyere nako walikuwa na mama wakwe.

"Kaka," alisema, "si umwambie tu ni mkweo? Mimi nachukua upande huu, wewe nenda ule. Maneno mawili tu."

"Nyamaza wewe."

"Kwani vibaya?"

"Nilimwambia bosi nimeleta kina mama wa kijiji. Nikianza sasa habari za mchumba, za mkwe, za kupeana migongo, watanionaje? Wananiandaa niwe msimamizi. Unataka nirudi kuwa mtu wa porini?"

Kristiana aliyasikia yote. Mama yake pia aliyasikia. Khanga inafunika macho, haifuniki masikio.

Shangazi Epifania alimwita Raymond kwa kidole. "Baba, njoo. Mama yako hajaudhika, na wewe unajua. Anakuheshimu hapo mpaka shingo inamuuma. Hebu waambie watu wako, maana wanadhani ana ugonjwa."

"Shangazi, hawa hawawezi kuelewa mambo yetu. Watacheka."

"Wametucheka tangu tushuke botini, hujaona wamechoka? Sema tu."

"Mwambie mama ageuke kidogo. Dakika moja tu, wapige picha. Ni mambo ya zamani haya, shangazi."

Meneja alirudi, amechoka, jasho limechora ramani kwenye shati. Akasimama nyuma ya kiti, akauliza tena kwa upole, safari hii mbele ya meza yote. "Ray. Hawa watu unajua? Ndugu yako?"

Lilikuwa swali zuri. Hata angeandikiwa na Kristiana mwenyewe, lisingekuwa bora. Wavuvi walikuwa wameacha kutafuna, mama wa kamera amesimama. Kristiana alimtazama Raymond. Hakumkazia macho, alimtazama tu, kama alivyokuwa akitazama njia ya lori jioni. Akamwachia nafasi. Raymond akanyoosha uma uliokuwa umenyooka. Akausogeza kisu.

"Hapana bosi," alisema. "Siwajui vizuri. Ni watu wa milimani tu. Wana aibu na wageni."

Chini ya khanga na kofia ya babu, sauti ya Mama Kristiana ikatoka taratibu, kwa Kifipa, lugha ambayo kwenye meza ile waliijua wachache.

"Kristi. Nigeuke?"

Swali hilo halikuwa la chakula. Mama akimtazama usoni mchumba wa bintiye kabla ya harusi, akatafuna mbele yake, huyo si mkwe tena. Ni mtu tu, kama muuza chumvi. Raymond aliyajua hayo kuliko keki na tambi. Uma ukamtulia mkononi.

Kristiana hakuharakisha. Alimpa Raymond muda mwingine mdogo, wa bure, mtu asije akasema baadaye alionewa. Mdomo wa Raymond ulifunguka kidogo. Meneja akamtazama. Mdomo ukafungwa.

"Geuka tu, mama," alisema Kristiana kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Samaki anapoa."

Alimsaidia mwenyewe. Aliitoa kofia, akamrudishia babu. Akaishusha khanga ya mama yake mabegani, akaikunja vizuri. Mama Kristiana akakigeuza kiti, akakaa, akainua uso. Akamtazama Raymond kuanzia glovu mpaka kwenye macho, na macho hayo akayakalia bila haraka, kama mtu anayekagua mbegu sokoni. Ilikuwa mara ya kwanza amwone vizuri. Pengine alikuwa anafikiri yuko tofauti.

"Rudisha yule samaki, kijana," alisema.

Raymond akamrudisha. Mama Kristiana akanyofoa kipande kwa mkono, akatia mdomoni, akatafuna huku akimtazama. Akameza.

"Mzuri. Chumvi tu imepungua, kijana."

Meza ikapiga makofi. Babu alipunga kofia. Meneja alimpiga Raymond bega kwa furaha, akasema Ray namba moja, Ray anajua watu. Kamera zikalia mfululizo, na ile picha nzuri ikapatikana: mwenyeji anakula na mhudumu anatabasamu. Tabasamu la Raymond lilitoka vizuri sana pichani, kwa sababu hakuwa na namna ya kulishusha. Christopha peke yake hakupiga makofi. Aliweka jagi chini na kuangalia pembeni, kama mtu aliyepita msibani bila kujua.

Walikula vizuri baada ya hapo. Haikuwepo tena sababu ya kujibana. Mama Kristiana alimaliza samaki, akamtuma Raymond kuku, akamtuma maji, akamtuma chumvi mara mbili, kila mara kwa adabu: kijana, tafadhali. Shangazi Epifania alikula keki mpaka matunda yakaisha. Kristiana alikula kidogo. Hakuna mzungu aliyeleta kofia nyingine.

Jioni wakateremka kwenda kwenye boti. Njia ya gatini ilikuwa nyembamba, imewekewa mawe meupe pembeni na yale majani yanayonyweshwa. Hakukuwa na mgeni pale, wala meneja, wala kamera. Wakasikia mbio nyuma yao. Raymond alikuwa amezunguka upande wa pili akawatangulia, na glovu ameshavua. Alipomwona Mama Kristiana anakuja, alijitupa pembeni kwenye majani mabichi, akachuchumaa, kichwa chini, mikono kwenye magoti, kama zamani, vizuri kabisa. Majani yalikuwa yametoka kumwagiliwa na maji yakaanza kupanda kwenye kitambaa cheupe.

"Mama mkwe," alisema akitazama ardhi, "nisamehe, ilikuwa kazi tu."

Alingoja apitwe. Anayeheshimiwa hupita kimya, uso upande.

Mama Kristiana alisimama mbele yake, uso wazi, akamwinamia kidogo.

"Inuka, kijana," alimwambia kwa upole. "Utachafua suruali ya watu."

Akapita. Shangazi Epifania akapita. Kristiana alipita wa mwisho, akasimama kidogo, kwa sababu alikuwa ameahidiwa baadaye na hii sasa ndiyo ilikuwa baadaye yenyewe. Raymond hakuinua kichwa. Labda alidhani akikaa vile muda mrefu wa kutosha jambo lingejirudia upya. Kristiana akaenda zake.

Kwenye boti walivalishwa tena majaketi. Shangazi alitoa kipande cha keki alichokuwa amekifunga kwenye khanga, akakimega, akampa Kristiana.

"Kula, mwanangu. Lia kesho."

"Sili, shangazi."

"Basi lia leo, keki nitakuwekea."

Kristiana alilia kidogo, bila sauti, kisha akanyoosha mkono akaipokea. Mama yake alikuwa amekaa akitazama kisiwa, wazi kabisa, maana sasa hakukuwa na kitu huko asichoruhusiwa kukitazama.

"Lile jembe," alisema Mama Kristiana, "Jumatatu nitamwambia baba yako alirudishe kwao. Ulitie mafuta kidogo kwanza. Limekaa mno bila kazi."

"Nitalitia," alisema Kristiana.

Kule gatini kitu cheupe bado kilikuwa kimechuchumaa kando ya njia, na yule mwanaume wa mpira alikuwa amefika karibu nacho akimwagilia majani, anasubiri kisogee.